Vyumba vya Juu ya Baa

Mtu wa kijiji cha Cowsgill ukimkanyaga mguu, yeye ndiye atakayekuomba radhi. Nimekaa nao miaka mingi, nimekula pai zao na kuwazika nao wazee wao, na ni watu wema, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini tabia yao ya kuogopa kumwambia mtu jambo usoni sijaizoea hadi leo, na yaliyowapata Glenda Tallentire na mumewe yalinifanya niichukie.

Siku kijiji kilipokabidhiwa funguo za baa ya Kondoo Dume, Glenda alilia mbele za watu, jambo ambalo hakulifanya hata kwenye mazishi ya mama yake. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki baa ilitaka kuiuza igeuzwe nyumba za likizo za matajiri wa mjini. Sheria ikawapa wanakijiji nusu mwaka watafute pesa wainunue wenyewe, na katika nusu mwaka ile hakuna aliyehangaika kama Glenda. Alizunguka kwa miguu mashamba yote ya bondeni akiuza hisa, mvua ya barafu ikimchapa usoni. Alioka pai za kuchangisha mpaka jiko likagoma. Hisa yake mwenyewe aliinunua kwa pesa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya meno ya bandia, akaendelea kutafunia upande mmoja.

Wengine waliipigania baa kwa sababu ndipo palipobaki moto na watu wakati wa baridi. Duka lilikwishafungwa, shule ilikwishafungwa, na basi linapita linapotaka lenyewe. Glenda alikuwa na sababu hiyo na nyingine juu yake. Yeye ndiye aliyekuwa mhudumu wa Kondoo Dume, mwenye kulipwa mshahara, na pamoja na mshahara alipewa vyumba vitatu vya juu ya baa akae na mumewe. Baa ikienda, vyumba vinakwenda. Kwa hiyo Rosalind Peverell, mwalimu mkuu mstaafu aliyechaguliwa mwenyekiti wa kamati, aliponyanyua funguo mbele ya kaunta na watu wakashangilia, Glenda alilia kwa kudhani amenusurika.

"Bila huyu mama tusingefika hapa," Rosalind alisema, akimwonyesha kwa mkono. Watu wakapiga makofi, kisha wakarudi kwenye bia zao.

Aliyemkumbatia kuliko wote alikuwa Avril Coatsworth, shoga yake tangu walipokuwa darasa moja. Avril alikuwa mjane wa mwaka mmoja. Mumewe Colin alipofariki alikonda, akawa haamki kitandani mpaka mchana, akawa anazungumza na redio. Zile pilikapilika za kuiokoa baa ndizo zilizomrudisha duniani. Walizunguka bonde lote wawili, mmoja amebeba fomu, mwingine pai, wakichekana kama wasichana. Usiku ule Avril alimbana Glenda mpaka miwani yake ikapinda, akamwambia kwamba sasa hakuna wa kuwatoa tena hapa.

* * *

Wakati huo Wilf Tallentire alikuwa juu, amelala macho, anasikiliza. Alifanya kazi machimbo ya mawe tangu ujana wake, na vumbi la mawe lilikuwa limejijenga kifuani mwake. Sasa alipumua kwa msaada wa mtungi wa oksijeni uliosimama kando ya kitanda, na ngazi za kushuka baa hakuwa na ubavu nazo tena.

Lakini sakafu ya Kondoo Dume ni mbao za kale, na mbao zile hazizuii kitu. Wilf alijua nani ameingia kwa kikohozi chake na nani ametoka kwa jinsi alivyobamiza mlango. Siku za dhumna alifuata mchezo kwa masikio, nani amegonga, nani anasitasita. Glenda akipanda kumletea supu, humwambia, "Norman anaibia tena, mwambie nimemsikia." Naye Glenda akishuka na kumfikishia Norman ujumbe ule, baa nzima huangua kicheko, na kile kicheko nacho hupanda juu. Wilf hukipokea akiwa amefumba macho, mdomo umemkaa upande kwa tabasamu.

Daktari alikuwa amekuja mwanzoni mwa vuli. Alimvuta Glenda ukumbini, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba baridi hii Wilf hataimaliza. Sijui kwa nini madaktari hudhani mgonjwa wa kifua ni kiziwi. Glenda aliporudi chumbani, Wilf alikuwa anamngoja.

"Nimesikia," alisema. "Sasa nisikilize na mimi. Hospitali siendi. Kule kimya chake kitaniua kabla ya kifua. Nitafia hapa hapa, hawa wajinga wanapiga kelele chini."

"Sawa," Glenda alisema.

"Na usimwambie mtu. Hata Avril."

"Kwa nini, Wilf? Avril ni kama ndugu."

"Kwa sababu wakijua watashusha sauti," alisema Wilf. Akavuta pumzi. "Watakuwa wanatembea kwa ncha za vidole kama kanisani. Nipe neno lako."

Glenda akampa. Akashuka akaendelea kumimina bia, na watu walipomuuliza hali ya Wilf akawajibu wanavyojibu watu wa Cowsgill, kwamba si mbaya, tunashukuru.

* * *

Wiki chache baada ya sherehe ya funguo, asubuhi, Dougie Beadle alibisha hodi juu. Dougie ni fundi bomba wa kijiji, mtu mnene mwenye haya, na hisa ya Kondoo Dume anayo kama wengine. Alivua viatu mlangoni, akaomba radhi kwa soksi zake, akaingia mpaka chumbani kwa Wilf na futi yake mkononi. Glenda alidhani amekuja kwa ajili ya bomba la jikoni lililokuwa likivuja.

"Usiinuke, mzee," Dougie alisema. "Mimi nitazunguka tu."

Akazunguka kitanda. Alipima kutoka dirishani hadi kona, kutoka kona hadi mlangoni, akainama kupitisha futi chini ya mrija wa oksijeni kwa uangalifu, kama anayepita chini ya kamba ya nguo za watu. Glenda alisimama na kikombe cha chai alichokuwa amemtengenezea.

"Bafu litakaa hapa," Dougie alisema, kama anayejisemea mwenyewe. "Kitanda cha watu wawili pale. Hiki ndicho namba mbili, au namba mbili ni kile cha mbele?"

"Namba mbili ya nini?" Glenda aliuliza.

"Ya vyumba vya wageni. Wapanda milima." Akamtazama, na mara damu ikampanda mpaka masikioni. "Si walikwambia?"

"Nani aniambie nini?"

Dougie akakunja futi ikamponyoka, akaiokota, akaomba radhi kwa Glenda, akaomba radhi kwa Wilf, na katika kugeuka akagonga kabati akaliomba radhi nalo. Alichokisema kilitoka vipande vipande: kwamba kamati imekubaliana, kwamba vyumba vya juu vitakodishwa, kwamba yeye alidhani kila mtu anajua. Kwa uso wake ungesema kama dirisha lingekuwa pana zaidi angetorokea hapo.

"Dougie," Wilf aliita kutoka kitandani.

"Naam, mzee."

"Maadamu futi unayo, nipime na mimi. Itakuja kusaidia."

Dougie alicheka kwa kushukuru kupata kitu cha kuchekea. Hakujua amechekea nini. Glenda alijua.

* * *

Glenda hakuvaa hata koti. Alivuka barabara mpaka kwa Avril, akamkuta jikoni anapiga pasi. Avril alimwona usoni tu akajua.

"Rosalind amekwambia," alisema.

"Aliyeniambia ni Dougie. Alikuja kupima chumba, na Wilf ndani yake."

Avril alizima pasi. Alikaa, akasimama, akaweka birika la chai motoni, maana kule hakuna jambo linalozungumzwa kabla ya birika. Kisha akaeleza. Pesa za hisa hazikutosha kuinunua baa, na mkopo wa benki ulikuwa mkubwa. Hesabu za kamati zilionyesha kwamba baa haiwezi kulipa mkopo na mshahara kwa pamoja, na mshahara uliokuwepo ni mmoja tu. Lakini wanakijiji walikuwa wengi, na kila mmoja anaweza kusimama kaunta jioni moja bila malipo. Vyumba vya juu vikikodishwa kwa wapanda milima, mkopo unalipika. Vinginevyo benki inaichukua Kondoo Dume, na nyumba za likizo zinarudi palepale.

"Rosalind alisema atakwambia mwenyewe," Avril alimaliza. "Ningeapa kwamba amekwishakwambia. Nikawa nakuona umetulia, nikasema, Glenda jamani, ana moyo."

Baadaye Glenda alimwendea Rosalind. Rosalind alisema, kwa uso wa huzuni ya kweli, kwamba jambo lile alimwachia Avril kwa kuwa mdomo wa rafiki ni laini zaidi. Mweka hazina alidhani padri amekwishalimaliza. Padri alidhani Rosalind. Kamati nzima walikuwa wamelibeba lile neno kama watu waliobeba kabati, kila mmoja akiamini uzito uko upande wa mwenzake, na kabati lenyewe lilikuwa halijanyanyuka sakafuni. Hakuna aliyemtakia Glenda mabaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya ungejua pa kumshika.

Lakini siku ile jikoni kwa Avril, Glenda alikuwa bado hajayajua hayo.

"Na wewe umejiandikisha?" aliuliza.

"Jumanne na Ijumaa." Avril aliangalia vikombe. "Glenda, tangu Colin afe, hicho ndicho kitu cha kwanza kinachonitoa kitandani. Natamani Jumanne ifike. Nimekuwekea na wewe Jumatano, kama utapenda."

"Jumatano ya bure."

"Sote ni bure, shoga yangu."

"Wewe una pensheni ya Colin, na nyumba hii ni yako."

Avril alimsogezea sahani ya biskuti. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba alimfikiria Wilf vilevile. Halmashauri ina nyumba mjini, za chini, hazina ngazi, na kituo cha afya kiko jirani. Alikuwa amepiga simu mwenyewe kuulizia. Kabla ya Krismasi wangeweza kuhamia. "Ngazi zile zinamtesa," alisema. "Kule atapata nafuu."

Neno lilimfika Glenda ulimini. Alilisikia kabisa limekaa pale, ni la kufungua mdomo tu. Kule hatapata nafuu, Avril, hakuna pa kupata nafuu. Akanyanyua kikombe akanywa chai ya moto mpaka ikamuunguza, akalimeza na neno lake.

"Nitaomba lipelekwe kwenye mkutano," alisema. "Mimi pia nina hisa."

"Ni haki yako," Avril alisema, na macho yakamlenga machozi. "Tena nitafurahi ukisema yako. Unajua watu wanavyokupenda."

* * *

Jioni ile Glenda alimweleza Wilf yote. Wilf alisikiliza bila kumkatiza, kwa kuwa hamu ya kukatiza watu ilikwishamwisha pamoja na pumzi.

"Niruhusu niwaambie," Glenda alisema. "Sentensi moja tu. Wakijua watatuacha hapa, na hutasikia tena habari ya bafu."

"Watatuacha. Halafu kila asubuhi Rosalind ataamka aulize, vipi, bado yupo? Dougie atakuwa anasubiri na mabomba yake. Watakuwa wananihesabia, Glenda. Kwa upendo, lakini watanihesabia." Akapumzika. "Umefanya kazi pale chini miaka yote hii. Waombe kwa kazi yako. Kama kazi yako haitoshi, basi haitoshi."

"Na tukitolewa?"

"Ulinipa neno," Wilf alisema.

Glenda alimrekebishia mto. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Yule mtu alikuwa akichezea kitanda chake cha kufia kwa ajili ya fahari yake, na yeye Glenda ndiye ambaye angekuja kukikunja na kukibeba. Lakini alikuwa ameishi naye muda mrefu mno kuweza kuyatenganisha mapenzi na hasira. Akamfunika mabega, akashuka kazini.

* * *

Mkutano ulifanyika baani kwenyewe, na kwa kuwa ilikuwa jioni ya kazi, Glenda ndiye aliyewahudumia. Watu walijaa mpaka kwenye ukingo wa meko. Alimimina bia, akapasha pai, akapokea shukrani zaidi ya kawaida. Alipopita kati ya meza na trei, mazungumzo yalikatika mbele yake na kuunganika nyuma yake. Norman, yule mwizi wa dhumna, alimsaidia kubeba glasi, kitu ambacho maisha yake yote hakuwahi kukifanya.

Rosalind aligonga glasi kwa kalamu. Alieleza mpango wa kamati vizuri, bila kuficha, akasema kila baada ya sentensi mbili jinsi ambavyo wote wanamthamini Glenda. Kisha akamgeukia.

"Glenda, ungependa kusema lolote?"

Glenda alikuwa bado ameshika kitambaa cha kufutia kaunta. Alikuwa amejipanga siku nzima: atasema habari ya miaka yake pale, habari ya mashamba aliyoyazunguka, habari ya vyumba ambavyo ndivyo nyumba pekee aliyoijua tangu aolewe. Alipoziona zile nyuso zote zimemgeukia, nyuso alizozijua moja moja, kila moja ikimwomba kimyakimya asiifanye iumie, maneno yakamkimbia. Kulalamika mbele za watu, kule, ni kama kuvua nguo.

"Ningeomba tu," alisema, "kwa sasa hivi, kuhama kungetusumbua kidogo."

Watu wakasubiri. Hapakuwa na zaidi.

Giles Amory, mweka hazina, alikuwa mgeni kijijini, mstaafu wa bima aliyehamia bondeni na mbwa wake wawili. Alivua miwani. Huyu, nasema kwa haki, ndiye pekee aliyeuliza swali lililostahili kuulizwa, na aliliuliza kwa wema.

"Kidogo kwa muda gani, Glenda? Miezi mitatu? Mwaka? Tukijua mpaka lini, tunaweza kupanga. Benki naweza kuzungumza nao."

Glenda alilijua jibu. Daktari alimpa ukumbini. Majira ya baridi tu, angesema, mtuachie majira ya baridi tu, na nawaapia kwamba watu wale wangelia wote kwa pamoja, Rosalind wa kwanza, na Dougie angeyatupa mabomba yake mtoni. Giles alikuwa ameshika kalamu anangoja. Juu, ubao mmoja wa sakafu ulilia. Wilf alikuwa amejigeuza kitandani ili asikie vizuri.

"Siwezi kusema," Glenda alijibu.

Giles akaitikia kwa kichwa, akavaa miwani.

Kisha Rosalind akasema, na alionekana kuona aibu ya kweli, kwamba kanuni za ushirika zinamtaka mwanachama mwenye maslahi yake katika jambo linalopigiwa kura atoke nje wakati wa kupiga kura. Si yeye aliyezitunga. Ni kwa ajili ya haki kwa wote.

"Na sisi tunaokunywa humu hatuna maslahi?" Norman aliuliza. Watu wakacheka, wakashukuru kwa nafasi ya kucheka.

"Haitachukua muda," Rosalind alimwambia Glenda. "Kisha urudi, watu watakuwa na kiu."

Glenda alikunja kitambaa, akakiweka kando ya mabomba ya bia. Wakati anapita mlango wa ngazi alimwona Avril amekaa karibu na meko, mkoba umemkaa mapajani, anatazama moto. Avril hakutakiwa kutoka. Aliyekuwa anafanya kazi ile bure hakuhesabiwa kuwa na maslahi.

* * *

Alimkuta Wilf ameketi, ameegemea ukuta, mrija umemkaa puani. Glenda akakaa ukingoni mwa kitanda. Wakasikiliza wote wawili.

Walisikia sauti ya Rosalind, maneno hayakushikika. Kisha hawakusikia kitu. Wilf aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zuri, akakunja uso. Masikio yale yaliyoweza kusikia dhumna ya Norman yakaambulia patupu.

"Wanapiga kwa mikono," alisema hatimaye. "Mikono haina sauti."

Kiti kikaburutwa. Mtu akakohoa. Mlango wa nje ukafunguliwa na kufungwa, labda mtu ametoka kuvuta sigara. Glenda alikaza macho kwenye mlango wa chumba akingoja hatua kwenye ngazi. Atapanda Rosalind, aliwaza, au atapanda Avril. Sharti mtu apande. Ngazi zilikaa kimya. Chini mazungumzo yalianza tena, ya chini, yasiyochangamka, na hapakuwa na hatua. Kule chini bila shaka kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake anyanyuke.

"Nenda," Wilf alisema. "Usiwafanye wangoje."

Alishuka. Rosalind alikuwa anapanga karatasi zake kwa bidii kubwa. Giles alikuwa amekwishaondoka. Hakuna aliyemwambia kitu, na hakuna aliyemkwepa pia. Walimjia kaunta mmoja baada ya mwingine kama kawaida, wakaagiza. Kule mteja akitaka kumfurahisha mhudumu humwambia, "na moja yako," akalipia bia ya mhudumu pamoja na yake, lakini hilo ni la siku ya mavuno au ya mtoto kuzaliwa. Jioni ile Dougie alisema na moja yako, Glenda. Mkulima wa Shamba la Juu akasema na moja yako. Padri akasema. Norman, ambaye ubahili wake ulikuwa hadithi ya bonde lote, alihesabu sarafu zake kwenye kiganja na kusema, "Na moja yako, mama," akageuka kabla hajamtazama.

Hapo Glenda akajua. Aliendelea kumimina, akawashukuru mmoja mmoja.

Kisha Avril akanyanyuka kutoka kwenye meko. Alinyanyua ubao wa kaunta unaotenganisha wateja na mhudumu, akapita, akasimama kando yake. Alifungua mkoba akatoa aproni. Ilikuwa mpya, imepigwa pasi, mikunjo yake bado imesimama, na kifuani imedariziwa kichwa cha kondoo dume. Akajifunga.

"Panda ukakae na Wilf," alisema polepole, asimtazame. "Nitamalizia mimi."

Glenda aliitazama ile mikunjo. Aliikumbuka pasi ya siku ile. Akafungua kamba za aproni yake kuukuu, akaitundika msumarini, akasema, "Pipa la kushoto linakaribia kwisha," na akapanda.

Wilf alikuwa amelala tena. Nyuma yake Glenda alisikia sauti ya Avril ikiuliza nani anafuata, na watu, kwa kufarijika kwamba jambo limekwisha bila ugomvi, wakaanza kujibu wote kwa pamoja, wakipaza sauti.

"Wamesemaje?" Wilf aliuliza.

"Hawakusema kitu."

"Na wewe hukuwaambia?"

"Sikuwaambia."

Wilf aliutafuta mkono wake juu ya blanketi, akaupapasa. "Ndiyo, mke wangu," alisema. "Ndiyo hivyo." Akafumba macho, ameridhika, akageuzia sikio sakafuni.

Glenda alikaa mpaka aliposikia pumzi yake imetulia. Kisha akapiga magoti, akavuta sanduku lililokuwa chini ya kitanda, akalifuta vumbi kwa mkono wa sweta. Akaanza na nguo za Wilf, maana ndizo zilikuwa chache.